MAARIFA YA SHAMBANI: Nyumba ya Nyuki Ipanuliwe Lini?

Ziko mithali mbili za Kiswahili ambazo hupingana. Moja yasema, "Haraka haraka haina baraka." Ya pili yajibu, "Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako." Watu wengi huchagua ile inayowapendeza siku hiyo, wakaiacha nyingine. Lakini mfuga nyuki hana ruhusa ya kuchagua namna hiyo. Kila msimu, na kwa kila mzinga, hana budi kujua ni mithali ipi inayomhusu. Akifanya haraka ya kuongeza nafasi, nyuki wachache watashindwa kuilinda nyumba kubwa. Akichelewa, siku moja atakuta nusu yao wamekwenda zao.

Juma hili, wasomaji wapenzi, nataka kueleza jambo hilo moja tu: wakati unaofaa kuwapa nyuki nafasi zaidi. Swali hili laonekana dogo, lakini mara nyingi ndilo linaloamua kama mwenye mizinga atapata asali ya kuuza na kulipia karo ya watoto, au atabaki na masanduku matupu yenye utando wa nondo.

TABIA YA NYUKI WA KWETU

Yafaa kwanza tumfahamu nyuki tuliye naye. Vitabu vingi vya ufugaji viliandikwa Ulaya na Marekani, ambako nyuki hujifungia ndani wakati wa baridi wakila akiba yao, kisha hutoka kwa wingi katika majira ya joto. Nyuki wetu wa bara, ambaye wataalamu humwita Apis mellifera scutellata, ni wa ukoo ule ule, lakini desturi zake ni nyingine. Mwili wake ni mdogo kidogo, watoto wake hukua upesi zaidi, kundi lake hugawanyika mara kwa mara, na nyumba isipompendeza huihama asiache hata mmoja nyuma.

Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika ya Kusini na Tanganyika akawapeleka kwao kwa majaribio. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka. Wazao wao walienea Amerika ya Kusini, wakavuka nchi za katikati, na mwaka 1990 walionekana Texas, katika Marekani. Safari hiyo ndefu waliimaliza kwa miaka 33 hivi, na karibu njia yote waliisafiri wenyewe, kwa kugawanyika na kuhama. Ndugu za nyuki hao ndio walio katika mzinga wako. Ukiwabana, wanajua la kufanya.

Kuna kuondoka kwa namna mbili, na mfugaji asizichanganye. Katika kugawanyika, malkia mzee hutoka na kundi kubwa la nyuki, akaacha nyuma majana, yaani watoto wa nyuki, pamoja na malkia wachanga ambao bado hawajatoka katika vijumba vyao. Katika kuhama, wote huondoka, na nyumba hubaki na masega makavu. Kugawanyika aghalabu hutokana na shibe na msongamano. Kuhama hutokana na njaa, kiu, moto, wadudu au kusumbuliwa. Kuongeza nafasi huzuia kugawanyika, bali hakuzuii kuhama. Na kukifanywa vibaya, huweza hata kukuleta.

NAFASI ZA NAMNA MBILI

Mtu asemapo, "Nyuki wangu wanahitaji nafasi," yafaa aulizwe, "Nafasi ya nini?" Kwa maana nyuki huhitaji nafasi ya kulea na nafasi ya kuwekea asali, na hizo si kitu kimoja.

Nafasi ya kulea hutangulia. Malkia mzuri, chakula kinapopatikana, huweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku moja. Kila yai hutaka kijumba chake, na kijumba hicho hakipati kuwa wazi tena mpaka zimepita siku 20 hivi, nyuki mpya anapotoka. Tena sega moja lililojaa majana, wote wakitoka, hutoa nyuki wa kutosha kufunika masega mawili au zaidi. Basi majana unayoyaona leo ndiyo msongamano wa majuma matatu yajayo. Mfugaji anayehesabu tu nyuki wanaoruka mlangoni atachelewa daima. Sharti ahesabu majana yaliyofunikwa kwa nta.

Nafasi ya asali nayo ina siri yake. Mbochi, yaani maji matamu ambayo nyuki huyanyonya katika maua, aghalabu huwa na maji zaidi ya nusu. Asali iliyoiva huwa na maji chini ya sehemu moja katika tano. Ili kuyakausha maji hayo, nyuki hueneza mbochi kidogo kidogo katika vijumba vingi, kisha hupepea kwa mabawa usiku kucha. Kwa hiyo wakati wa maua mengi huhitaji vijumba vingi kuliko asali itakayobaki mwisho. Wasipovipata, hutia mbochi katika vijumba ambavyo malkia alitaka kutagia. Malkia hukosa mahali, nyuki vijana wa kulea hukosa kazi, watu wa nyumba husongamana, na shauri la kugawanyika huanza. Kumbe mzinga wenye maua mengi mlangoni na usio na nafasi ndani ndio ulio karibu kukuponyoka.

ALAMA ZA KUTAZAMA

Sasa tuje kwenye alama. Ziko nne, na haifai kuamua kwa moja peke yake.

Ya kwanza ni nyuki wenyewe. Katika mzinga wa Langstroth wenye fremu 10, fungua kifuniko kwa utaratibu utazame. Nyuki wakiwa wamefunika fremu 7 au 8, pande zote mbili, wakati umekaribia. Wakiwa juu ya fremu 5 tu, funika uende zako.

Ya pili ni majana. Inua fremu za katikati. Ukikuta fremu 4 au 5 zenye majana mengi yaliyofunikwa, yaliyopangwa vizuri bila mapengo mengi, jua kwamba kundi litaongezeka sana katika muda mfupi. Nyuki wengi lakini majana machache si alama ya kuongeza nafasi. Ni alama ya kuuliza kama malkia amechoka au kama chakula kimepungua.

Ya tatu ni nta mpya. Nyuki wanapopata mbochi ya kutosha, huongeza nta nyeupe kwenye kingo za juu za masega, na hujenga vipande vya sega mahali po pote penye uwazi, hata chini ya kifuniko. Nta nyeupe yamaanisha kwamba nyumba ina mali ya kujengea, kwa maana nyuki hutumia asali nyingi kutengeneza nta kidogo. Kundi lenye njaa halijengi.

Ya nne iko nje ya mzinga, nayo ni maua. Nafasi huongezwa kwa ajili ya chakula kinachokuja, wala si kwa ajili ya chakula kilichokwisha. Kundi lenye nguvu mwishoni mwa msimu wa maua halina faida na sanduku jipya.

Iko alama moja inayodanganya wengi. Wakati wa jua kali nyuki huning'inia mlangoni kama ndevu, na mwenyewe husema, "Wamejaa!" Pengine wamejaa, pengine wanakimbia joto tu. Rudi alfajiri, hewa ikiwa baridi. Wakiwa wameingia wote ndani, utie mzinga kivuli. Wakiwa bado wako nje, ndani hamna mahali.

Na iko alama moja ambayo ukiiona umechelewa. Ni vijumba vya malkia, vilivyoning'inia kwenye kingo za chini za masega, kila kimoja na umbo kama la ganda la karanga. Vikombe vitupu peke yake visikutie hofu, kwa maana nyuki hupenda kuviweka tayari. Lakini vikiwa na mayai au majana ndani, shauri limekwisha kukatwa. Malkia mzee huondoka yapata wakati ule kijumba cha kwanza kinapofunikwa, siku nane au tisa tu tangu yai lilipotagwa. Kuongeza sanduku siku hiyo ni kama kujenga chumba cha mgeni wakati mgeni yuko njiani kwenda kwao. Dawa iliyo bora ni kuwagawanya wewe mwenyewe kabla hawajajigawanya: mchukue malkia mzee pamoja na fremu chache za majana, asali na nyuki, umtie katika mzinga mwingine, uwaache waliobaki wamlee malkia mpya.

MVUA NDIYO KALENDA

Wengine hutaka waambiwe tarehe. Tarehe haiwezekani, kwa kuwa nchi yetu si moja kwa mvua wala kwa miti.

Mtazame mkulima wa kahawa katika Kiambu au Murang'a. Mvua ikinyesha baada ya ukame, vichipukizi vya kahawa huamka, na baada ya siku kumi hivi shamba lote huwa jeupe kama lililomwagiwa maziwa. Siku chache baadaye maua yamekauka. Mfugaji anayengoja kuyaona maua ndipo atafute misumari na mbao, atamaliza kazi yake wakati petali zimekwisha anguka. Huyo mithali yake ni "Chelewa chelewa." Sanduku lake liwe tayari ghalani wakati wa ukame, na liwekwe juu ya kundi lenye nguvu mara mvua ile ya kwanza inaposhika.

Katika Kitui, Makueni na Baringo mambo ni mengine. Huko riziki ya nyuki hutoka sana katika migunga. Mmojawapo wataalamu waliuita kwa neno la Kilatini mellifera, maana yake "mleta asali," na ndilo neno hilo hilo lililo katika jina la nyuki mwenyewe. Migunga mingine huchanua hata kabla mvua haijatulia, na mwaka wa mvua haba huchanua kidogo au hukatisha. Mfugaji wa huko akiongeza nafasi kwa sababu jirani yake wa milimani ameongeza, aweza kujuta. Yeye atazame machipukizi ya miti yake mwenyewe, na majana katika mizinga yake mwenyewe. Mithali yake, katika mwaka wenye mashaka, ni "Haraka haraka haina baraka."

Kwa wote iko hesabu moja isiyobadilika. Tangu yai kutagwa mpaka nyuki kutoka ni siku 20 hivi. Na nyuki huyo hufanya kazi za ndani majuma mawili au matatu kabla ya kwenda maua. Kwa hiyo nyuki wa kuchuma maua ya leo alitagwa yapata majuma sita yaliyopita. Kundi ambalo halikupata nafasi ya kulea mapema halitakuwa na wachumaji, hata ukilipa masanduku matatu siku maua yanapofunguka.

NAFASI IKIZIDI

Watu wenye bidii mara nyingi hukosea upande huu. Hufikiri kwamba nyumba kubwa huwafanya nyuki waongezeke, kama vile mtu angefikiri kwamba ghala kubwa huongeza mahindi. Haiwi hivyo. Nyuki hulea majana yao katika joto la nyuzi 34 mpaka 35 za Selisiasi, usiku na mchana. Katika Limuru au Nyandarua, usiku unapokuwa baridi, uwazi juu ya kundi dogo ni joto linalopotea. Nyuki hula asali zaidi ili kujipasha moto, na majana ya pembeni huweza kufa.

Tena sega ambalo halikufunikwa na nyuki halina mlinzi. Nondo wa nta hutaga humo, na viwavi vyake hutoboa njia na kutanda utando mpaka sega lote limekuwa takataka. Mende mdogo wa mizinga, ambaye asili yake ni huku huku Afrika, naye huingia. Kundi lenye nguvu huwafukuza wote wawili. Kundi dhaifu lenye nyumba kubwa huchoka, na nyuki wa kwetu akichoka huhama. Basi kanuni ni hii: usiwape nyuki sega zaidi ya lile wawezalo kulifunika na kulilinda.

Kwa sababu iyo hiyo, baada ya kurina asali na maua yanapokwisha, nafasi ipunguzwe. Ondoa masanduku yasiyo na nyuki, uyahifadhi mahali pakavu penye hewa na mwanga, pasipopendwa na nondo. Wala usiwanyang'anye nyuki asali yote. Waachie chakula cha kiangazi.

NAMNA YA KUONGEZA

Kazi hii ifanywe jioni, jua likielekea kutua, ukiwa na mavazi ya kujikinga, moshi wa kutosha na mtu wa kukusaidia. Ng'ombe, mbuzi na watoto wawe mbali.

Katika mzinga wa Langstroth kazi ni nyepesi. Bwana Langstroth, kasisi wa Marekani, alitambua mwaka 1851 kwamba nyuki huacha wazi njia ya upana wa milimita 6 mpaka 9 hivi; ikiwa nyembamba zaidi huiziba kwa gundi, ikiwa pana zaidi hujenga sega. Kwa maarifa hayo aliunda fremu zisizogandana, na ndiyo maana twaweza kupachika sanduku juu ya sanduku. Ukiongeza sanduku la asali, tia ndani yake fremu moja au mbili zenye sega lililokwisha jengwa, ili nyuki wavutwe kupanda juu. Sanduku la pili lingoje mpaka la kwanza limejaa nyuki, na yapata fremu saba katika kumi zina asali. Lakini kumbuka habari ya nafasi mbili: ikiwa sanduku la chini limejaa majana na asali mpaka malkia hana pa kutagia, sanduku la juu peke yake halitamfaa akiwa amezuiwa kwa wavu wa malkia. Toa chini fremu moja au mbili za asali, uweke mahali pake fremu zenye masega matupu, karibu na majana lakini si katikati yake.

Mzinga wa Kenya wenye vibao vya juu, uliobuniwa mwaka 1971 kwa msaada wa wataalamu wa Kanada, haupandishwi juu. Hupanuliwa kwa upande. Vibao vyake vina upana wa milimita 32, kipimo kinachowafaa nyuki wetu. Hapo tumia ubao wa kugawia, usimame baada ya sega la mwisho. Nyuki wakifikia sega hilo na kulishusha karibu na chini, sogeza ubao, uwape vibao viwili. Wakimaliza, viwili tena. Katika kundi lenye nguvu nyingi waweza kupachika kibao kimoja kitupu kati ya majana na asali, na hapo watajenga upesi na kunyoka. Mzinga huu una fadhili kwa mtu mwenye shaka, kwa kuwa nafasi hutolewa kwa vipimo vidogo, na kosa dogo hurekebishwa upesi.

Mzinga wa gogo haupanuki kabisa. Wazee wa Ukambani na Baringo walijua hivyo, nao hawakuukasirikia mti, waliongeza mizinga. Mwenye gogo lililojaa atundike mzinga mwingine mtupu karibu, uliosafishwa na kupakwa nta ndani, kabla ya majira ya kugawanyika. Kundi likitoka, huenda likapenda nyumba ya jirani yake. Hiyo nayo ni njia ya kutoa nafasi.

MASWALI MATATU

Kwa kumalizia, ewe mfuga nyuki, usipande na sanduku mkononi kabla ya kujibu maswali matatu. Je, nyuki wamefunika angalau fremu saba katika kumi? Je, majana yaliyofunikwa yatatoa nyuki wa kuijaza nafasi mpya? Je, maua yanakuja, si yanakwisha? Ukijibu ndiyo kwa yote matatu, ongeza jioni ya leo, usingoje kesho kutwa. Ukijibu siyo kwa moja, funika mzinga, uandike tarehe katika daftari, urudi baada ya siku saba mpaka kumi.

Mizinga miwili iliyo chini ya mti mmoja yaweza kukupa majibu mbalimbali siku moja. Usione ajabu, wala usiitendee sawa kwa sababu ya kupenda usawa. Mithali ya tatu yasema, "Fuata nyuki ule asali," wala haisemi fuata jirani, au fuata kalenda.